Kashgar, Mji wa Saa Mbili

Ukipatana na mfanyabiashara wa Kashgar mkutane kesho asubuhi, muulize kwanza: kwa saa ipi? China nzima hufuata saa ya Beijing, na Kashgar iko zaidi ya kilomita 3,000 magharibi ya mji mkuu huo. Wakati wa baridi jua huchomoza pale saa ya serikali ikiwa imeshagonga nne asubuhi. Ndiyo maana Wauighur wengi, wenyeji wa huko, wamezoea kufuata saa yao, iliyo nyuma ya Beijing kwa saa mbili. Mswahili, anayeanza kuhesabu saa zake tangu macheo, atawaelewa upesi.

Nchi ya Wauighur, Kashgar ikiwamo, Wachina huiita Xinjiang, yaani "Mpaka Mpya". Wauighur wengi walio uhamishoni huiita Turkestan ya Mashariki. Ina kilomita za mraba zipatazo milioni 1.66: ukiziunganisha Tanzania na Kenya, bado haziifikii. Inapakana na nchi nane, kuanzia Mongolia na Urusi hadi Pakistan na India. Milima ya Tian Shan huigawa mapande mawili. Kaskazini ni malisho ya wafugaji. Kusini ni jangwa la Taklamakan, na kandokando yake miji inayoishi kwa maji ya theluji ya milimani: Kashgar, Aksu, Hotan. Zabibu na matikiti ya huko yana sifa ya siku nyingi, na sehemu kubwa ya pamba ya China hulimwa huko.

Sensa ya 2020 ilihesabu watu karibu milioni 26, Wauighur wakiwa kiasi cha milioni 11.6. Ni Waislamu wa Sunni, na lugha yao ni ndugu ya Kituruki, ikiandikwa kwa herufi za Kiarabu. Kitabu kwao ni *kitab*, dunia ni *dunya*, wakati ni *waqit*. Chakula chao cha heshima ni *polo*, wali wa nyama ya kondoo na karoti. Mtu wa pwani akiuonja atasema ni pilau.

Majeshi ya wafalme wa Qing yaliiteka nchi hii mwaka 1759. Haikutulia. Mwaka 1865 Yaqub Beg, mtu wa Kokand, aliingia Kashgar akajenga dola lililodumu hadi alipofariki mwaka 1877. Qing wakarudi, na mwaka 1884 wakaifanya mkoa kamili.

Baada ya ufalme huo kuanguka, nchi iliangukia mikononi mwa magavana wa Kihan, kabila kubwa la China, waliotawala karibu kama masultani. Mara mbili wenyeji walitangaza jamhuri. Ya kwanza, ya Kashgar, ilizaliwa Novemba 1933 na kuuawa Februari 1934 na askari Wahui, Waislamu wenzao. Ya pili ilianza Ghulja mwaka 1944 kwa msaada wa Wasovieti, walioipigia hesabu zao wenyewe. Agosti 1949 viongozi wake kadhaa walifariki katika ajali ya ndege wakienda Beijing kuzungumza na Wakomunisti. Miezi michache baadaye jeshi la Mao lilikuwa limeshaingia.

Mwaka 1955 mkoa uliitwa Jimbo la Xinjiang la Wauighur Lenye Kujitawala. Mwenyekiti wa serikali ya jimbo huwa Muuighur. Lakini msomaji aliyekulia enzi za chama kushika hatamu atauliza katibu wa chama ni nani, na tangu 1978 kiti hicho hakijakaliwa na Muuighur. Wahan, waliokuwa chini ya asilimia 10 mwaka 1949, sasa ni asilimia 42. Wengi waliletwa na shirika la kijeshi la kilimo na ujenzi lililoanzishwa mwaka 1954.

Miaka ya 1980 ilileta nafuu, misikiti ikafunguliwa tena. Kisha zikaja ghasia za Baren mwaka 1990 na Ghulja mwaka 1997. Julai 2009, maandamano ya Urumqi, mji mkuu wa jimbo, yaligeuka mauaji. Serikali ilihesabu maiti 197, wengi wao Wahan. Mwaka 2014 washambuliaji wenye visu waliua watu 31 katika stesheni ya treni ya Kunming, mbali na Xinjiang, na serikali ikawataja kuwa watenganishaji wa Xinjiang. Mwaka huohuo Ilham Tohti, mhadhiri Muuighur aliyehimiza mazungumzo, alifungwa maisha.

Kuanzia 2017 watu wengi, wakikadiriwa kufika milioni moja au zaidi, waliwekwa kambini bila kesi. Beijing iliziita kambi hizo vituo vya mafunzo ya ufundi na kinga dhidi ya itikadi kali. Agosti 2022 Ofisi ya Haki za Binadamu ya Umoja wa Mataifa ilisema yaliyotendeka huenda ni uhalifu dhidi ya ubinadamu. Oktoba, Baraza la Haki za Binadamu lilipigia kura hoja ya kuijadili tu ripoti hiyo: 17 walikubali, 19 walikataa, 11 hawakuelemea upande. Kutoka Afrika nzima aliyekubali ni mmoja, Somalia.

Wauighur, basi, wana saa mbili na wakubwa wawili. Treni, shule na mahakama hufuata saa ya Beijing. Mwenyekiti naye hufuata ya katibu.