Msomaji, Mghani na Msikilizaji: Juu ya Riwaya za Vita Zinazosikilizwa

Riwaya inaposomwa kwa sauti na kunaswa, baina ya mwandishi na hadhira huingia mtu wa tatu, naye ni msomaji. Hukumu ya wasikilizaji aghalabu humwangukia huyu kabla ya kumfikia mwandishi. Jambo hili ladhihirika katika riwaya za Patrick O'Brian (1914-2000) zinazosimulia vita vya baharini vya zama za Napoleon.

Riwaya alizozikamilisha katika mfululizo huo ni 20, na ya kwanza, Master and Commander, ilitoka mwaka 1969. Wahusika wakuu ni Jack Aubrey, nahodha Mwingereza, na Stephen Maturin, tabibu na jasusi ambaye ni nusu Mwairishi, nusu Mkatalani. Miongoni mwa waliozisoma kwa sauti ni Patrick Tull na Simon Vance, na wasikilizaji wamegawanyika kama washangiliaji wa timu mbili. Wampendao Tull husifu sauti yake nzito, iendayo pole, na jinsi inavyoibua ucheshi ambao jicho huupita. Wampingao huchoshwa na upole huo huo. Kwao Vance, mwepesi na mwenye matamshi dhahiri, ndiye afaaye.

Kiini cha ubishi ni Maturin. Katika chapa, kila asomaye kimya humpa lafudhi aitakayo, au asimpe yoyote. Katika sauti hapana budi lafudhi moja ichaguliwe, na achaguaye amekwisha kufasiri. Ndiyo maana aliyemzoea Maturin wa msomaji mmoja humwona wa mwingine kuwa mgeni, hata mwongo, ingawa maneno ni yale yale. Sauti iliyotangulia huwa ndiyo asili. Hukumu ya namna hii si ya kudharauliwa. Ni uhakiki, japo haujajipa jina hilo.

Historia ina shida nyingine. Kitabu cha Shelby Foote juu ya vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, chenye majuzuu matatu (1958, 1963 na 1974), kina ramani. Anayesikiliza hana ramani, na majina ya mito na majemadari humpita kabla hajayapanga akilini.

Mtungaji wa utenzi aliikabili shida hiyo mapema. Utendi wa Tambuka, uliotungwa Pate mwaka 1728, ni habari ya vita, lakini umbo lake limeelekezwa sikioni: vipande vya mizani minane, vina vitatu vinavyofanana, na kina cha nne kinachorudi hadi mwisho. Mghani hubebwa na bahari. Msomaji wa riwaya hana bahari hiyo. Ana sentensi ndefu zilizoandikiwa jicho, na pengine wanaomlaumu Tull kwa upole wanailaumu sentensi pasipo kujua.

Kwa riwaya ya Kiswahili swali ni gumu zaidi. Kaburi bila Msalaba ya P. M. Kareithi yasimulia vita vya Mau Mau kwa Kiswahili sanifu, ilhali wapiganaji wa msituni walizungumza Kikuyu. Atakayeisoma kwa sauti atawapa lafudhi ya Nyeri, au ya Mombasa? Akichagua ya kwanza, huenda wasikilizaji wakacheka pahali pa kulia. Akichagua ya pili, atakuwa amewatoa msituni.