Maji ya Chini: Siti ya Ngozi Katika Masika ya Pasua

Mwezi Aprili, mvua ikinyesha usiku kucha Uru na Kibosho, huko juu mlimani, eneo la Pasua lililo chini ya mji wa Moshi huamka na maji ambayo hayakunyesha Pasua. Mji wa Moshi hupata takriban milimita 900 za mvua kwa mwaka. Msitu wa mteremko wa kusini wa Kilimanjaro, kwenye mwinuko wa mita 2,000 na ushei, hupata zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho. Maji hayo hayana njia nyingine ila kushuka, na maeneo ya chini ya mji ndiyo yanayoyapokea: kwenye mitaro, kwenye madimbwi, na kwenye barabara ya kuelekea Mabogini na mashamba ya mpunga ya Lower Moshi.

Alfajiri baiskeli zinapita humo humo. Huyu kafunga mzigo wa majani ya ng'ombe, yule anawahi shambani, mwingine kapakia magunia ya mboga mpaka keria haionekani. Ukitazama siti, nyingi ni za plastiki au sponji iliyovishwa rekisini, na baadhi zimepasuka zikafungwa vipande vya tyubu. Lakini mara mojamoja inapita baiskeli ya zamani yenye siti ya ngozi, nyeusi iliyoelekea udongo, inang'aa kama kiatu cha mwalimu mkuu. Mwenyewe ama ameirithi kwa babu, ama ameipata kwenye baiskeli ya mtumba bila kujua alichonunua.

Huyo wa pili ndiye anayeiharibu katika masika moja.

Siti ya kawaida ni sahani ngumu iliyowekewa sponji juu. Siti ya ngozi haina sahani wala sponji. Ni kipande kimoja cha ngozi ya ng'ombe, unene wa milimita 5 hivi, kilichowambwa kati ya chuma cha nyuma na ncha ya mbele kisha kikapigwa ribiti kila upande. Chini ya mapaja ya mwendeshaji hakuna kitu, ni hewa tupu. Aliyewahi kulala kitanda cha kamba ataelewa mara moja: kinachombeba mtu ni mvuto wa kamba zilizowambwa, na zikilegea, mlalaji anazama katikati. Siti hii ni hivyo hivyo. Kuitunza ni kulinda huo mvuto, basi.

Aliyeipa umaarufu ni Mwingereza John Boultbee Brooks, aliyefungua biashara ya hatamu na vifaa vingine vya ngozi mjini Birmingham mwaka 1866. Kampuni yake husimulia kwamba mwaka 1878 farasi wake alikufa, akaazima baiskeli ya kwendea kazini, na siti ya mti ikamtesa mpaka akaamua kutengeneza ya kwake. Hataza ya kwanza aliipata mwaka 1882. Siti za Brooks zilifika Afrika Mashariki zikiwa juu ya Raleigh za Nottingham, baiskeli nyeusi nzito zilizobeba makarani, walimu na makatekista enzi za ukoloni. Zilipokuja Phoenix za China na baiskeli za India, nazo zilifuata umbo lilelile la siti pana yenye springi mbili nyuma. Nyingine zikiwa za ngozi kweli, nyingine zikiigiza tu.

Kujua ipi ni ipi si kazi. Igeuze siti utazame tumboni. Ngozi halisi ina nyuzinyuzi laini kama kitambaa kilichochakaa. Ya bandia ina matundu ya kitambaa kilichosukwa, au ni plastiki tupu. Ukibaki na shaka, dondosha tone la maji upande huo wa chini. Kwenye ngozi tone litanywewa na kuacha doa jeusi, ilhali kwenye plastiki litakaa juu kama umande kwenye jani la mgomba.

Kunywa huko kwa maji ndiko kunakoleta balaa. Ngozi ni msuko wa nyuzi za protini iitwayo kolajeni. Viatu vingi hutengenezwa kwa ngozi iliyochakatwa kwa chumvi za kromu, ambayo ni laini na hustahimili maji. Siti huhitaji ngozi iliyochakatwa kwa dawa inayotokana na magome ya miti, kwa sababu hiyo ndiyo ngumu, hushika umbo, na hujifinyanga polepole kufuata mwili wa mwenyewe. Dawa hiyo si ngeni nchini: huko Njombe, kampuni ya TANWAT ilianzishwa mwaka 1949 kwa ajili ya miwati, miti ambayo magome yake hutoa dawa ya ngozi inayouzwa hadi nje. Moshi nayo ina historia yake ya ngozi, kuanzia viatu vya Gereza la Karanga hadi kiwanda kikubwa cha bidhaa za ngozi kilichozinduliwa hapohapo Karanga Oktoba 2020. Kwa hiyo katika mji huu si vigumu kumpata mtu anayejua ngozi. Kazi ni kumshawishi kwamba siti ya baiskeli nayo ni ngozi.

Maji yakiingia katikati ya nyuzi hizo, zinateleza. Ngozi kavu hubeba kilo 70 au 80 miaka na miaka bila kubonyea sana. Ngozi hiyohiyo ikilowa chapachapa kisha ikakaliwa kutoka Mabogini hadi sokoni Mbuyuni, inalegea safari moja na haitarudi ilivyokuwa. Kesho yake inakauka ikiwa na bonde katikati, pembe za chuma cha nyuma zinaanza kuchoma, na mwenyewe analaumu mvua.

Mvua yenyewe haina makosa makubwa. Upande wa juu wa siti umelainishwa na kufungwa kiwandani, na ukipakwa mafuta, manyunyu ya njiani huteleza na kwenda zake. Upande wa chini haukulainishwa. Uko wazi, una kiu, na umekaa juu ya gurudumu la nyuma linalorusha tope. Baiskeli ambayo madigadi yake ya nyuma yameng'oka (na barabara za mitaani zinayang'oa kweli) huinywesha siti maji machafu kutoka chini hata siku ambayo jua linawaka na dimbwi limebaki la jana. Watu wanafunika juu, adui anapita chini. Anayetaka kutumia fedha kidogo kuokoa siti ya ngozi aanze na madigadi, kabla hajanunua mafuta ya aina yoyote.

Kosa la pili hufanywa kwa nia njema. Kila aliyekulia karibu na ngoma amewaona wapigaji wakiisogeza motoni ili ngozi ikaze na sauti ipande. Akiona siti imelegea kwa maji, anafikiria dawa ileile: anaiegemeza karibu na jiko la mkaa, au anaianika juani saa sita mchana. Lakini ngozi ya ngoma ni ngozi mbichi iliyokaushwa tu. Ngozi ya siti imekwisha kuchakatwa, na ndani yake kuna mafuta yanayoifanya ipinde bila kukatika. Joto hufukuza mafuta hayo pamoja na maji. Likizidi, nyuzi zenyewe husinyaa, na ngozi iliyolowa husinyaa upesi kuliko kavu. Siti inakaza kweli kwa siku chache, kisha inapasuka kwenye ribiti, na hapo hakuna fundi wa kuiunga.

Nyumba nyingi hulaza baiskeli ndani kwa kuhofia wezi, na chumba ni kimoja, jiko hapo, baiskeli hapo. Basi isogezwe ukuta wa mbali. Siti iliyolowa hufutwa kwa kitambaa kikavu juu na chini, ikaachwa kivulini penye upepo siku moja au mbili, bila kukaliwa. Mwenye safari isiyoahirishika aombe baiskeli ya jirani, au asimame juu ya pedali. Ushauri mchungu, lakini ni nafuu kuliko siti mpya. Brooks ya aina ya B17, ambayo imetengenezwa tangu miaka ya 1890, huuzwa Ulaya kwa zaidi ya euro 100.

Ikishakauka ndipo mafuta yanapoingia. Mafuta ya Brooks yenyewe, Proofide, yana shahamu, nta ya nyuki na mafuta ya samaki, vitu ambavyo bibi yeyote wa kijijini angevitambua kwa harufu. Mchanganyiko wa shahamu safi na nta, ulioyeyushwa kwa moto mdogo na kuachwa upoe, hufanya kazi hiyohiyo. Hupakwa kwa wembamba, juu na hasa chini, mara mbili au tatu kwa mwaka, kabla ya masika na kabla ya vuli. Mafuta ya kupikia na oili chafu ya gereji ni mwiko: huingia ndani sana, hulainisha ngozi kama kitambaa, na oili itamchafua mtu suruali mpaka achoke kufua. Tahadhari moja ndogo: panya wa stoo hupenda shahamu kuliko mwenye baiskeli anavyoipenda siti.

Chini ya ncha ya mbele kuna bolti yenye nati. Hiyo ndiyo kamba ya kitanda. Siti ikilegea baada ya miezi mingi, nati huzungushwa nusu mzunguko, mtu akatembelea wiki kadhaa kabla ya kuigusa tena. Mafundi wenye haraka huikaza mpaka siti inalia kama ngoma. Na kamwe isikazwe ikiwa imelowa, maana ngozi itavutika na nafasi yote ya kukazia nati itaisha bure.

Zamani kifuniko cha siti kilikuwa mfuko wa rambo, umefungwa kwa mpira. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea imepigwa marufuku Tanzania, na kiroba kilichochukua nafasi yake sokoni kinapitisha maji. Kipande cha turubai kinafaa. Kofia ya nailoni ya saluni inafaa zaidi: ina lastiki, inakamata vizuri, na inachekesha kidogo. Ila ivuliwe mara baiskeli inapofika nyumbani, kwa sababu unyevu uliofungiwa humo huleta ukungu kwa siku chache tu.

Kwa haki yote, siti hii si ya kila mtu. Anayebeba mizigo kutwa nzima, akaegesha baiskeli nje ya soko mvua ikimiminika, anahitaji siti ya plastiki ya bei ya chini ambayo haimwombi chochote. Siti ya ngozi ni ya mtu mwenye baiskeli moja, mwenye mahali pakavu pa kuilaza, na anayekaa juu yake saa nyingi. Huyo, siti iliyotunzwa itamkaa miaka 20 na zaidi, na kila mwaka itakuwa imemzoea kuliko uliopita.

Masika huanza Machi, na Februari jua la Moshi bado ni kali. Mwenye siti ya ngozi aigeuze mwezi huo, apanguse vumbi la tumboni, kisha atazame kama madigadi ya nyuma bado yapo.