Zawadi ya gari la kifahari: lije au liuzwe?



Miongoni mwa barua zinazotufikia zipo zinazouliza jambo lile lile. Mfadhili aliyeko Ulaya au Marekani anabadilisha gari. Lile la zamani, Range Rover au Land Cruiser yenye viti vya ngozi, bado ni zima, tena lina nguvu ya kupita kwenye matope, naye anataka kulitoa kwa parokia fulani hapa Tanzania. Kamati ya parokia hiyo, ambayo wauguzi wake huomba lifti kwenda kliniki ya vijijini, inatuandikia kwa furaha ikituomba tuharakishe mambo ya bandarini. Furaha hiyo tunaielewa. Hata hivyo, ushauri wetu mara nyingi ni kwamba gari liuzwe huko huko liliko, na fedha ndizo zije.

Range Rover ilipoanza kuuzwa mwaka 1970 ilikuwa gari la shamba; sakafu yake iliweza kuoshwa kwa mpira wa maji. Polepole ikageuka gari la matajiri. Toleo lililotoka mwaka 1994 halikuwa na springi za chuma, bali mifuko ya hewa inayojazwa na pampu na kuongozwa na kompyuta. Barabara ikiwa nzuri, abiria anasahau kama yuko safarini. Mfuko ukitoboka mbali na mji, gari linakaa chini, na fundi wetu mwenye spana na jeki hana la kufanya. Kinatakiwa kifaa cha kusoma kompyuta hiyo na kipuri cha kuagizwa mbali, na wakati huo wote gari liko juu ya mawe.

Land Cruiser ya mkonga, ile ambayo aina yake ilianza mwaka 1984, ni ndugu wa mbali tu wa ile ya viti vya ngozi. Nyuma ina springi za mabamba ya chuma, na spea zake hupatikana kwa urahisi zaidi mikoani. Haina raha. Mgonjwa aliyelala nyuma atawaambieni. Lakini inafika, na kesho yake inaondoka tena.

Halafu kuna mafuta. Tuseme gari la kliniki linakwenda kilometa 1,500 kwa mwezi. Gari la petroli la silinda nane, likienda kilometa 5 kwa lita kwenye barabara mbovu, litataka lita 300. La dizeli linalokwenda kilometa 8 kwa lita litataka zisizofika 190. Zile lita 110 za ziada zitatoka katika mfuko ule ule wa dawa na posho za wahudumu, kila mwezi, wakati mfadhili anaamini ameshamaliza kutoa. Tungependa wafadhili walitazame hili kuliko jingine lolote.

Dizeli nayo ina mambo yake. Nchi za Afrika Mashariki zilipunguza salfa katika dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni mwaka 2015, hatua kubwa. Injini mpya za Ulaya, zenye chujio la masizi, zimetengenezwa kwa dizeli ya sehemu 10.

Bandarini, kodi hukokotolewa kwa thamani ya gari pamoja na nauli ya meli na bima, kwa hiyo gari la thamani huvuta kodi kubwa. Gari dogo la abiria lililopita miaka 8 huongezewa ushuru kwa ajili ya umri. Kenya hairuhusu kabisa magari ya umri huo. Msamaha wa kodi ukipatikana una masharti: gari likiuzwa baadaye au likibadilishiwa matumizi, kodi hudaiwa. Na usukani wa kushoto, kwetu tunaoendesha upande wa kushoto wa barabara, ni hatari kila unapotaka kulipita lori.

Kwa ndugu zetu walioko Marekani kuna jambo la kujua. Tangu mwaka 2005, anayetoa gari kwa shirika la hisani lililotambuliwa huko, na anayedai punguzo la zaidi ya dola 500, kwa kawaida hupewa punguzo kwa kiasi ambacho gari liliuzwa kweli, wala si bei ya kwenye kitabu. Shirika humpa cheti. Kwa hiyo mwombeni auzaye atafute bei nzuri; inawafaa ninyi na parokia pia.

Wapo wanaoona kwamba kuuza zawadi ni kumvunjia heshima aliyeitoa. Mwaka 1964 Papa Paulo wa Sita alipokwenda Bombay alitumia gari jeupe aina ya Lincoln, akamwachia Mama Teresa wa Calcutta. Mama hakulipanda. Alilichezesha bahati nasibu, na fedha zikajenga makazi ya wakoma. Na mwaka 2018 Lamborghini aliyopewa Papa Fransisko iliuzwa kwa mnada kwa ajili ya misaada, ikiwemo ya kujenga upya nyumba za Wakristo wa Iraki. Hatujasikia kwamba watoaji walinung'unika.

Hatusemi kila gari likataliwe. Likiwa la usukani wa kulia, la dizeli ya kawaida, lenye springi za chuma, na fundi wa wilayani akakiri kwamba analijua, tutalipokea kwa shukrani. Kamati iandike kwanza nani atakuwa dereva, nani atashika kitabu cha safari, na fedha za bima, matairi na mafuta za mwaka wa kwanza zitatoka wapi. Kisha itutumie nakala ya kadi ya gari, kilometa lilizotembea na picha za chini ya gari, si za viti. Hayo yote yafike ofisini kabla mfadhili hajalipa nauli ya meli, kwa sababu gari likishatua Dar es Salaam gharama za kulitunza bandarini hazingoji kikao cha kamati.