Gari la Polisi Lina Rangi Gani?

Baadhi ya vitabu vya kupaka rangi wanavyonunuliwa watoto wetu mijini vimechorwa ng'ambo. Humo mna barabara, majumba marefu, watoto wakivuka, na gari la polisi lenye king'ora juu ya paa. Mwalimu akiamuru kwamba gari ni la buluu, na mtoto akalipaka jekundu, basi amekosa!

Haifai. Kiswahili kina vivumishi vitatu tu vya rangi vinavyochukua viambishi vya ngeli: -eupe, -eusi na -ekundu. Rangi nyingine nyingi tumezitaja kwa vitu: kijani kwa majani, kijivu kwa majivu, manjano kwa kile kiungo cha mchuzi. Wahenga walitazama kitu kwanza, ndipo wakapata rangi. Mtoto naye aachwe atazame.

Lakini atatazama nini? Katiba ya 2010 iliwapa polisi wa Kenya jina jipya, huduma badala ya kikosi, na wito wao ni "Utumishi kwa Wote". Hata hivyo, mnamo Machi 2020, siku chache baada ya kafyu kuanza, mvulana wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi akiwa kwenye roshani ya kwao, mtaani Kiamaiko, Nairobi. Mtoto wa mtaa kama huo akilipaka gari jeusi tititi, mwalimu asimnyang'anye kalamu, wala asimkemee akiliita "gari la makarao". Amuulize ndani yake mna nani, na wale watoto wanaovuka wanakimbilia wapi.