Lami Ipo, Lori Limepaki: Nijieleze

Nilituma kwenye kundi la ukoo picha ya lori langu limepaki, theluji imefika nusu ya tairi. Kaka mmoja wa Puge, Tabora, akajibu: babu zetu walibeba pembe kwa miguu hadi Bagamoyo, wewe unashindwa na barafu kwenye lami? Kundi zima likacheka. Naandika hapa kwa sababu kule hakuna anayesoma zaidi ya mistari miwili.

Kwanza, misafara nayo ilisubiri. Mwaka 1872 Livingstone alikaa Kwihara, hapohapo Tabora, kuanzia Machi hadi Agosti akingoja wapagazi. Sijasikia aliyemwita mvivu.

Sasa barafu. Napita barabara ya I-70, Colorado, inayopanda milima ya Rocky hadi handaki la Eisenhower, mita 3,400 hivi juu ya usawa wa bahari. Ukitokea upande wowote ni mteremko, kwingine unafika asilimia 7, na lori na mzigo wake ni tani 36. Miteremko ya nyumbani, Sekenke na Kitonga, tunaijua: gia ndogo, injini inakushikilia. Huku kwenye barafu breki hiyohiyo ya injini inaweza kukumaliza, maana inakamata matairi ya kuvuta peke yake. Yakiteleza, tela linakupita ubavuni na kukunjikia kichwa.

Barafu mbaya haionekani. Inapenda nyuzi joto karibu na sifuri, na inaanzia madarajani, kwa kuwa upepo baridi unapita juu na chini. Magari ya mbele yakiacha kurusha maji na lami bado inang'aa, nashusha kioo cha mlango na kupapasa mbele ya kioo cha pembeni. Nikigusa barafu hapo, huenda barabara nayo inayo. Napunguza mwendo hadi wa kutambaa, natafuta pa kupaki.

Halafu cheni za matairi. Kati ya Dotsero na Morrison, kuanzia Septemba 1 hadi Mei 31, lori lazima liwe nazo. Taa za barabarani zikiagiza zifungwe, usipofunga faini ni zaidi ya dola 500. Ukiziba njia, zaidi ya 1,000. Unazifunga umelala kwenye theluji, vidole havina habari. Lakini taa zikishaagiza, hakuna wa kubishana naye. Nyumbani dereva akisema njia mbaya, tajiri anamwambia madereva wako wengi.

Binti yangu mdogo ameshafunga kamba kwenye matairi ya baiskeli yake, anasema ni cheni. Shuleni alimwambia mwalimu kazi ya baba ni kulala chini ya lori. Kaka yake ana miaka 15, umri ambao hapa akijiandikisha kwenye mafunzo anapata kibali cha kujifunzia, na anajiona dereva tayari. Nilimpeleka uwanja wa kanisa ukiwa mtupu, theluji mbichi, nikamwambia akanyage breki kwa nguvu. Pedali ilipomtetemesha mguu, jambo la kawaida kwenye utelezi, akaiachia na kupiga kelele, gari likaendelea kuteleza. Mdogo wake kiti cha nyuma anaomba arudie. Akarudia mpaka akazoea kutoiachia.

Wazazi wenzangu mlioko kwenye baridi: msisubiri mtoto akajifunze hilo barabarani. Mpelekeni uwanja mtupu, theluji ya kwanza ikianguka.