Lubumbashi: Kitabu kinabatizwa kwa Kifaransa, maswali yanakuja kwa Kiswahili

Katika miji yetu ya mashariki, Lubumbashi, Bukavu au Goma, kitabu kipya kinabatizwa. Meza inafunikwa kitambaa cheupe, mwandishi anakaa katikati, na profesa wa chuo kikuu anasimama kueleza kitabu sura kwa sura. Baba wa ubatizo naye yupo, mara nyingi mtu wa cheo au mfanyabiashara. Anakimwagia kitabu maua au tone la shampanye, kisha ananunua nakala ya kwanza kwa bei inayopita mbali ile ya kawaida. Watu wanapiga makofi.

Mpaka hapo yote ni Kifaransa. Mambo yanageuka wakati wa maswali. Kijana wa viti vya nyuma anaanza kwa Kifaransa cha darasani, kinamkwama, anaruka kwenye Kiswahili, na ukumbi mzima unachangamka. Maswali yenyewe si ya profesa. Watu wanataka kujua kama mtaa wa kitabuni ni Katuba au Kamalondo, yule mama anayeuza usiku ni nani kweli, na kwa nini mtoto alipaswa kufa. Mwandishi akijibu kwa Kiswahili, anafika pale ambapo profesa, kwa nusu saa nzima, hakufika.

Kisha wengi wanarudi nyumbani bila kitabu. Riwaya iliyochapishwa Ufaransa inauzwa kule karibu euro 20, kabla ya safari na duane. Mwalimu wa shule anaishika, anasoma jalada la nyuma, anairudisha mezani polepole. Mfuko wa unga unamngoja.

Goma shida ni kubwa zaidi. M23 ilipoingia mjini mwishoni mwa Januari 2025, uwanja wa ndege ulifungwa, benki nazo zikafunga. Katoni ya vitabu iliyokuwa ikitoka Kinshasa kwa ndege ilipoteza njia yake.

Barabara hiyo ya vitabu ni ya zamani. Mwaka 1973 V. Y. Mudimbe, mzaliwa wa Likasi aliyekuwa akifundisha Lubumbashi, alitoa riwaya Entre les eaux: ilichapishwa Paris. Mwaka 2014 Fiston Mwanza Mujila, aliyezaliwa Lubumbashi mwaka 1981 na anayekaa Graz, Austria, alitoa Tram 83: Paris tena. Imepita miaka 41, na bado kitabu cha Katanga kinazaliwa Ulaya kabla ya kuja kubatizwa nyumbani. Afadhali Mwanza Mujila anasoma maandishi yake mbele ya watu kwa sauti ya mtu anayepuliza saksofoni. Asiye na pesa ya kitabu anaondoka amesikia kitu.

Na si kweli kwamba Kiswahili cha hapa hakifai kuandikwa. Mwaka 1965 André Yav aliandika historia ya Elisabethville, kwa jina la chama cha waliokuwa maboi wa Wazungu. Kichwa kilikuwa cha Kifaransa, lakini maneno yote ya ndani yalikuwa Kiswahili cha mjini, kile cha jikoni na sokoni. Kilipigwa kwa mashine na kugawanywa bila mchapishaji mkubwa. Mwaka 1990 Johannes Fabian, mtaalamu aliyewahi kufundisha Lubumbashi, alikitoa upya pamoja na tafsiri ya Kiingereza. Leo wasomi wa Ulaya na Marekani wanakijua kuliko wakaaji wa Lubumbashi.

Baba wa ubatizo angeweza kufanya jambo jepesi: pesa ile ya nakala moja inunue kumi, ziende kwenye maktaba ya shule jirani. Nakala yake ya bei kubwa, mara nyingi, inaishia kwenye kabati la ofisi.

Nje ya ukumbi, wakati wakubwa wanapiga picha, wanafunzi watano wamechanga pesa na kununua kitabu kimoja. Wanaandika majina yao kwenye karatasi: nani atasoma kwanza, na lazima akirudishe siku gani.