"Hulima" na "Used to"

Mkulima wa Kumsenga aombaye mkopo kwa barua ya Kiingereza asiandike: "I used to grow beans." Yeye akusudia kusema hulima maharage kila mwaka, msomaji ataelewa kwamba alikuwa akilima zamani, na sasa ameacha. Nani atamkopesha pesa za mbegu mtu aliyeacha kulima? Ile "hu-" yetu ndiyo inayotuponza, nami imewahi kuniponza. Kwa Kiingereza yatosha: "I grow beans every year." Ama "I am used to growing beans" ni jambo jingine: nimezoea kulima. Hapo baada ya "to" huja "growing", si "grow". Haya, semeni pamoja nami: "I grow beans every year."